Mjadala: Nani anastahili kuitwa shujaa?

Mkazi wa Upanga
Ndugu wanajamvi, kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa, nami kila mwaka hubaki na swali lilelile. Pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, hapa Dar es Salaam, imesimama Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa na Waingereza mwaka 1927 mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Askari yule ameinama na bunduki yake, singe ikielekea bandarini, nasi tunampita kila siku tukienda Posta. Alipigana vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo havikuwa vyetu. Je, aliyekufa akimtumikia mkoloni ni shujaa wetu? Mimi nasema hapana. Shujaa ni aliyechagua kusimama na watu wake, kama Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na si hawa mashujaa wa siku moja tulionao sasa, ambao mtu hushika kasia asubuhi na kukabidhiwa fedha jioni.

Binti Kagera, Tabata
Kaka, la sanamu nawaachia wengine, lakini hilo la kasia umewalenga watu wa kwetu na sitalinyamazia. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, na waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki, na 24 walinusurika. Kijana unayembeza, mvuvi Majaliwa Jackson, alipoteza fahamu katika uokoaji ule na akazinduka akiwa hospitalini. Hiyo shilingi milioni moja aliyokabidhiwa aliikuta baada ya kazi. Hakuna aliyemwahidi chochote alipokuwa majini.

Mwalimu Mstaafu, Temeke
Binti yangu, simdharau kijana yule hata kidogo. Ila ukumbuke kwamba baadaye yalizuka maneno kuhusu nani hasa aliyefungua mlango wa ndege, kwa kuwa tulikimbilia kumtafuta mtu mmoja wa kumpamba wakati walioingia majini walikuwa wengi. Nadhani tunapenda shujaa awe mmoja kwa sababu ni rahisi kumpiga picha na kumpa mkono.

Binti Kagera, Tabata
Shikamoo Mwalimu. Kama waliosahaulika ni wengi, basi tuwatafute na kuwashukuru, badala ya kumvua heshima aliyekwisha kuipata. Mbona hoja ya wengi huibuka pale tu anapopongezwa mtu asiye na cheo?

Mkazi wa Upanga
Dada, sikumbeza mtu. Nilichosema ni kwamba ushujaa na malipo havikai pamoja, na yule askari wa sanamu naye alikuwa na mshahara.

Mjukuu wa Mpagazi, Kariakoo
Hapo awali kaka alisema shujaa ni aliyechagua, sasa anasema ni asiyelipwa. Baba wa babu yangu alitwaliwa kijijini kwa nguvu akabebeshwa mizigo ya jeshi katika vita hivyo hivyo, na babu alitusimulia kwamba bega la baba yake lilibaki na sugu hadi uzeeni. Hakuchagua upande wowote. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa namna hiyo walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Maandishi ya sanamu ile yanawataja wapagazi na kuahidi kwamba watoto watayakumbuka majina, lakini jina hata moja halikuandikwa pale. Huyo Mkwawa unayetupimia naye, ambaye mimi pia namheshimu, aliwapiga majirani zake Wasangu, na mtemi wao Merere akaungana na Wajerumani dhidi yake. Kamuulize Msangu wa wakati ule Mkwawa alisimama na watu gani.

Mwanariadha wa zamani, Kinondoni
Naona mnazungumzia vita na ajali tu. John Stephen Akhwari aliumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bendeji, akaendelea, na akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walimaliza watu 57, naye alikuwa wa 57. Hakumwokoa mtu wala hakumpiga adui. Kwa vipimo vyenu vyote yeye anakosa, na mimi sikubaliani na kipimo kinachomwacha nje.

Mwalimu Mstaafu, Temeke
Basi tazameni pia Bibi Titi Mohamed, aliyewaleta wanawake wa mji huu ndani ya TANU miaka ya hamsini. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa mwaka 1972, na leo barabara kubwa ya jiji ina jina lake. Mambo aliyoyafanya miaka ile ya kudai uhuru hayakubadilika. Waliobadilika ni wenye mamlaka ya kutoa heshima.

Mkazi wa Upanga
Mwalimu, kwa Bibi Titi sina ubishi. Kwa askari wa Samora ninabaki na msimamo wangu, kwa sababu aliyeamua tumkumbuke alikuwa mtawala wake.

Mjukuu wa Mpagazi, Kariakoo
Ndiyo maana nataka tuamue sisi. Tarehe 25 Julai wapagazi watajwe kwa sauti, pamoja na waliotwaliwa na Wajerumani, ambao sanamu ile haiwahusu kabisa.