Tupeane uzoefu: Kuhifadhi kumbukumbu za vita za mabaharia wa Königsberg huku Kusini

Kona ya Mingoyo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu, na shikamooni wakubwa wote. Uzi huu ni wa mbinu za kuhifadhi kumbukumbu za mabaharia wa manowari ya Kijerumani Königsberg, pamoja na za watu wa Kusini waliobebeshwa mizigo yao. Tupeane hatua, vifaa, vipimo, na mahali kazi inapoharibikia.

Meli ilizama Rufiji, ila vita vya watu wake viliishia huku kwetu. Septemba 20, 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji kwa sababu mitambo yake ilikuwa mibovu. Vipuri viliburutwa na watu kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Oktoba mwaka huohuo Waingereza waliipekua meli Präsident hapa Lindi, wakakuta karatasi zinazoonyesha makaa ya mawe yamepelekwa Salale, kwenye delta ya Rufiji. Hapo wakajua pa kutafuta. Julai 11, 1915 Severn na Mersey, meli zinazoelea kwenye maji machache, ziliipiga hadi wenyewe wakailipua. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa na kuwekewa magurudumu, mabaharia wakageuka askari wa nchi kavu. Nahodha wao, Max Looff, ndiye aliyeongoza kuwatoa Wareno Newala Novemba 1916, na baadaye akashika upande wa Lindi. Oktoba 1917 yakaja mapigano ya Mahiwa, na Novemba jeshi lao likavuka Ruvuma.

Leo hakuna baharia wa meli ile aliye hai, wala mpagazi. Tulichobaki nacho ni maandishi ya mabaharia huko Ulaya na masimulizi ya wajukuu na vitukuu hapa. Kwa hiyo kila unachorekodi kiwe na mnyororo: anayesema ni nani, alimsikia nani, na huyo alikuwa wapi siku hiyo. Kwenye nakala ya maandishi weka safu pembeni yenye chaguo tatu tu: "aliona", "aliambiwa na aliyeona", "imesikika kijijini". Bila safu hiyo, baada ya miaka 10 hakuna atakayeweza kutenganisha ushuhuda na uvumi, na rekodi nzima itatiliwa shaka.

Bamvua la Sudi

Mkuu, umegusa penyewe. Naongezea kuhusu tarehe, maana hapo ndipo rekodi nyingi za Kusini zinapochanganya mambo.

Mzee akisema "vita vya Mjerumani" usiandike 1914 moja kwa moja. Huenda anasema Majimaji, 1905 hadi 1907. Uliza vitu vinavyotenganisha. Kulikuwa na dawa ya maji? Hiyo ni Majimaji. Kulikuwa na Wahindi na Waingereza wakipigana na Mjerumani, watu wakikamatwa kubeba mizigo, kisha mafua makubwa yakaua watu? Hapo uko 1916 hadi 1918. Kwa umri wa msimuliaji na wazazi wake tumia matukio ya kwetu: mradi wa karanga wa Nachingwea ulioanza 1947, kimbunga cha 1952, Uhuru, kuhamia vijijini miaka ya 1970. Uliza "baba yako alifariki kabla ya kimbunga au baada?" utapata jibu la uhakika kuliko ukiuliza mwaka.

Kalenda ya Kiislamu ni msaada mkubwa sana pwani yetu. Familia nyingi zimeshika tukio kwa mfungo na mfunguo. Königsberg ililipuliwa mwishoni mwa Shaaban 1333, siku moja au mbili kabla ya Ramadhani. Mahiwa, Oktoba 15 hadi 18, 1917, ilianguka mwishoni mwa Mfunguo Tatu (Dhulhija) na kuingia Mfunguo Nne (Muharram), yaani mwaka 1335 ukiisha na 1336 ukianza. Ukisikia "mizinga ililia watu wakijiandaa kufunga", una jambo la kulinganisha na tarehe ya Kizungu. Acha nafasi ya siku moja mbele au nyuma kwa sababu ya kuandama kwa mwezi.

Vilevile bahari. Julai 11, 1915 ilikuwa siku moja tu kabla ya mwezi kuzaliwa, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yaani ya kujaa na kupwa sana. Simulizi inayosema maji yalikuwa mafu (yasiyojaa wala kupwa sana) siku hiyo ina tatizo, labda inahusu shambulio la kwanza la Julai 6.

Na saa! Mzee akisema "saa mbili asubuhi", batli (daftari la safari) ya meli ya Kiingereza itaandika 0800. Kwenye nakala acha maneno yake yalivyo, saa ya kimataifa iende safu ya pembeni. Anayesahihisha ndani ya maneno ya msimuliaji anaharibu, kwa sababu atakayekuja baadaye hatajua kama saa sita zimeshaongezwa au bado.

DadaWaMaktaba

Asanteni kaka zangu. Mimi nisemee sauti.

Rekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24, chaneli moja. Saa 1 inakula karibu MB 520, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha sana. MP3 iwe nakala ya kusikiliza tu. Kipaza sauti kikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu ili herufi "p" zisipulize. Mtu akiongea kawaida, kilele cha sauti kiwe kati ya -12 na -6 dB. Kikigusa 0 sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Adui wa kwanza huku ni upepo wa kusi, wa pili bati. Mvua ikianza kwenye nyumba ya bati, simamisha rekodi, msilazimishe. Ukumbi wenye mikeka, mapazia na vitanda vya kamba unafaa kuliko sebule ya vigae inayorudisha mwangwi. Simu iwe kwenye hali ya ndege hata kama hurekodi kwa simu hiyo, maana mawimbi yake huingia kwenye waya kama mlio wa nyuki. Kabla ya maswali rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Itasaidia kupunguza kelele baadaye. Kisha tamka tarehe, kijiji, jina la msimuliaji na la mrekodi, na ridhaa yake kwa sauti: anaruhusu nani asikilize, na jina lake litajwe au lisitajwe.

Usitume faili kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, itabanwa na kupoteza ubora. Itume kama waraka.

Kuandika saa 1 ya sauti ni kazi ya saa 5 hadi 8, na zaidi pale msimuliaji anapochanganya Kiswahili na Kimwera, Kimakonde au Kiyao. Maneno hayo yaandikwe yalivyo kwanza, tafsiri ifuate kwenye mstari wa chini.

Newala Juu

Dada umemaliza upande huo. Maswali sasa.

Usianze na "niambie kuhusu vita". Utapewa hotuba ya dakika tatu kisha kimya. Anza na kazi, maana meli ni kazi za watu. Kuna wa boila na makaa, wa mizinga, wa ishara, jikoni, na baada ya 1915 kuna wavuta mizinga na wabeba risasi. Kwa mjukuu wa mpagazi uliza: babu alibeba nini? Kichwani au begani? Kamba ilikuwa ya nini? Walilala wapi, walikula nini, nani aliwahesabu asubuhi? Mzinga mmoja ulihitaji mamia ya watu kuuvuta, kwa hiyo lazima kulikuwa na mpangilio wa kupokezana, wa kukata njia, wa kuvuka mito. Maelezo ya kamba na njia hayatungiki kirahisi. Ndiyo yanayokuonyesha kama simulizi lilitoka kwa aliyekuwepo.

Tembea njia na msimuliaji kama afya inaruhusu, ukiweka alama za GPS. Jina la kijito likitajwa liandike kama linavyotamkwa pale, ramani za Wajerumani zina tahajia zake.

Na tafadhali, pitieni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kabla ya kuingia kwa mtu. Ukiuliza habari za Mjerumani huku, wengi watadhani unatafuta "mali ya Mjerumani" iliyofukiwa. Usibebe kipima madini. Ukionekana nacho mara moja, kijiji kizima kitakuficha kila kitu, na atakayekuja nyuma yako naye hataaminiwa.

Mzinga 105

Hilo la mwisho lipigiwe mstari. Mimi nazungumzia vitu vya chuma.

Kila bomba kubwa la chuma Kusini linaitwa "mzinga wa Königsberg", na mengi siyo. Pima. Mzinga wa meli hiyo una kipenyo cha ndani cha mm 105, na mtutu wake ni mara 40 ya kipenyo, yaani takriban mita 4.2. Sasa angalia mitego miwili. Mzinga wa Pegasus ni inchi 4, mm 101.6, nao uliopolewa na kutumika nchi kavu, upande wa Waingereza. Tofauti ya mm 3.4 huioni kwa macho, tumia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo). Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa: pima kutoka mgongo ulio kati ya mifereji hadi mgongo unaoutazama, usipime ndani ya mifereji. Kutu ikiwa nene vipimo vitadanganya, pima sehemu tatu tofauti. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaona mizinga ya meli zote mbili, ni mahali pazuri pa kujifunzia jicho.

Mtego wa pili uko hapahapa Sudi. Machi 1916 meli Marie ilipenya ikateremsha shehena, na Aprili ikaponyoka baada ya kushambuliwa. Ndani yake kulikuwa na mizinga minne ya nchi kavu ya mm 105 pia! Kipenyo ni kilekile, ila mtutu wake ni mfupi, haufiki mita 2. Kwa hiyo simulizi la "mzinga wa milimita 105 uliotoka baharini" linaweza kuwa la meli mbili tofauti, na ni urefu wa mtutu utakaoamua.

Maganda ya shaba yasisuguliwe kwa majivu wala ndimu. Maandishi madogo kwenye kitako, yenye mwaka na kiwanda, ndiyo ushahidi wenyewe, na msuguo unayafuta. Piga picha kitako kwa mwanga wa ubavuni, weka rula pembeni. Risasi ya mzinga ambayo ncha yake ipo usiiguse, usiipige picha kwa karibu. Weka alama ya mahali, toa taarifa polisi. Na kufukua kunahitaji kibali cha mambo ya kale, hata kama shamba ni lako.

Ukungu Adui

Karatasi na picha, kwa ufupi.

Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 ukungu unaota, na Mtwara mjini masika tunazidi hapo mara kwa mara. Lenga 45 hadi 55. Kipima unyevu kidogo cha mezani kinatosha. Tumia ndoo au sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) ndani. Lakini kausha karatasi kwanza, siku mbili kivulini na feni isiyopuliza moja kwa moja. Ukifungia karatasi yenye unyevu kwenye plastiki umeifungia na ukungu wake. Silika ya rangi ya chungwa ikibadilika, ichome kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, irudishe kazini.

Ondoa pini na stepo. Usilaminishe barua wala cheti, joto na gundi havirudi nyuma. Selotepu vilevile. Sanduku likae juu ya matofali, mbali na ukuta, ili njia ya mchwa ionekane mapema. Picha iliyogandia kwenye kioo usiibandue, iskani kioo kikiwa juu yake. Picha dpi (nukta kwa inchi) 600, barua dpi 300, faili iwe ya TIFF. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini tu.

Kona ya Mingoyo

Wadau, hii ni hazina. Kuna aliyeuliza pembeni kuhusu kaseti za zamani za mahojiano.

Ukungu Adui

Kaseti yenye unga mweupe usiichezeshe, huo ni ukungu na utahamia kwenye kichwa cha redio na kwenye kaseti nyingine zote. Ikiwa safi, izungushe mwanzo hadi mwisho mara moja bila kusikiliza, ili mkanda ulegee. Fungua uangalie kipande cha sponji kinachosukuma mkanda. Kikianguka, sauti inafifia na watu hudhani mkanda umekufa. Badilisha kipande hicho tu kutoka kaseti nzima nyingine. Safisha kichwa kwa alkoholi ya 99%, si manukato wala spiriti ya bluu. Hamisha kwa waya kuingia kompyuta, kamwe usiweke simu mbele ya spika.

DadaWaMaktaba

Halafu nakala tatu, vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya mkoa. Flashi siyo hifadhi, ni gari la kusafirishia tu. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha kijiji, kisha namba, bila nafasi kati. Mara moja kwa mwaka fungua kila faili na linganisha alama yake ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na namba ambao programu huukokotoa kutoka kwenye faili) na ile uliyoandika siku ya kwanza. Ikitofautiana, faili imeharibika, rudisha kutoka nakala nyingine kabla hujaendelea.

Bamvua la Sudi

Anayehitaji upande wa pili wa masimulizi: batli za meli za Uingereza ziko National Archives, Kew, kundi ADM 53, na nyaraka za jeshi la majini la Ujerumani ziko hifadhi ya kijeshi ya Bundesarchiv, Freiburg. Unapoagiza nakala toa jina la meli na mwezi kamili, mfano Severn, Julai 1915. Ukiomba "vita vyote" utaletewa bei ya kurasa ambazo huzihitaji. Na msisome batli kabla ya kumrekodi mzee. Utaanza kumpa majibu bila kujua, naye kwa heshima ya mgeni atakubali.