Mtoto nusura azame mwokoaji akiwa hayupo kitini. Nimfukuze?

Msimamizi_wa_Zamu

Wakuu, habari za usiku. Nipo Mwanza, nasimamia bwawa la kuogelea la watu wote, lenye bustani na jiko la chipsi. Kiingilio 5,000 mkubwa, 3,000 mtoto. Siku za kazi wanakuja watu ishirini hivi, ila Jumapili na sikukuu bwawa linageuka supu, maji yenyewe huyaoni.

Nina waokoaji wawili. Mmoja ni wa Ukerewe, mtoto wa mvuvi, anaogelea kama sato, na bosi alimchukua kwa sababu hiyo tu, cheti hakuulizwa. Jumapili iliyopita saa tisa alasiri mtoto wa miaka kama sita alitoka upande wa watoto, akapita chini ya kamba, akaingia kwenye kina. Hakupiga kelele wala hakurusha mikono. Mama mmoja aliyekuwa anakula ukingoni ndiye aliyeona kichwa kinazama na kuibuka, akajirusha na gauni lake. Mtoto alikohoa, akatapika, akalia. Kiti cha mwokoaji kilikuwa kitupu.

Nimemsimamisha tangu Jumatatu. Bosi anataka afukuzwe iwe fundisho kwa wengine. Wafanyakazi wenzake wamenuna, hawanisalimii vizuri. Mimi nina miaka 29, yeye 34, na kumgombeza mtu aliyenizidi kunanipa shida. Nimfukuze? Na nawasimamiaje hawa watu bila kuwa askari wa kuwanyang'anya simu kila saa?

Kibuyu

Fukuza. Angekuwa mwanangu usingekuwa na nafasi ya kuandika uzi.

MamaPacha

Kabla ya kazi ya mtu, huyo mtoto alipelekwa hospitali? Aliyekohoa na kutapika baada ya kuzama haambiwi "umepona, kacheze". Maji yakiwa yameingia mapafuni, pumzi inaweza kuanza kusumbua saa kadhaa baadaye.

Msimamizi_wa_Zamu

Dada, mama yake alimpeleka zahanati jioni ile ile, wakakaa naye mpaka usiku. Nimempigia simu mara mbili, mtoto mzima.

Nanga

Nimekaa kwenye kiti hicho miaka saba, hoteli za Dar. Mdogo wangu, umeandika "hakupiga kelele" kana kwamba ni ajabu. Anayezama ndivyo alivyo. Mdomo ukiwa majini hauwezi kuita, na mikono inasukuma maji chini, haipungi. Mtoto anaweza kwenda chini ndani ya nusu dakika hivi. Ndiyo maana kuna kanuni ya 10 na 20: sekunde 10 macho yawe yamezunguka eneo lako lote na kumgundua mwenye shida, sekunde 20 uwe umemfikia. Kwa hiyo mahali pa kiti si jambo la urembo. Kaa pale wewe mwenyewe saa kumi jioni. Kama kinatazama magharibi, jua linapiga juu ya maji na humwoni aliye chini. Kihamishe.

Pili, macho yanachoka. Mtu akitazama maji saa mbili mfululizo anaona maji tu, watu hawaoni tena. Sisi tulibadilishana kila dakika 20 au 30, na anayepokea anaanza kutazama kabla anayetoka hajageuza shingo. Sasa wewe una wawili kwa siku nzima ya Jumapili. Mmoja akienda kula au msalani, una mmoja. Huyo mmoja akikohoa, huna mtu.

Na hujasema kitu muhimu. Alikuwa wapi?

Kibuyu

Simu hiyo. Vijana wa siku hizi.

Msimamizi_wa_Zamu

Kaka Nanga, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Hakuwa kwenye simu. Soda ziliisha kaunta, mhudumu mmoja hakuja kazini, nikamwambia yeye akatoe kreti mbili stoo. Dakika tano tu. Bosi sijamwambia hilo.

Nanga

Nilihisi.

Kibuyu

Duh. Basi wa kusimamishwa tumempata.

MamaPacha

Kibuyu punguza, angalau kasema mwenyewe. Wangapi wangesema?

Fundi_Maji

Mnagombana juu ya kreti, mimi nimekwama kwenye "maji huyaoni". Hilo peke yake linatosha kufunga bwawa. Simama ukingoni, tafuta chujio la sakafuni kwenye kina kirefu. Kama hulioni vizuri, watu watoke, hata kama wamelipa. Mwokoaji wa dunia nzima hawezi kumwokoa asiyeonekana.

Watu wengi maana yake jasho, mafuta ya kupaka na mikojo (ndiyo, mikojo), na hivyo ndivyo vinavyomaliza klorini, ile dawa ya kuua vijidudu. Ile harufu kali ambayo wateja wanasema "bwawa safi, linanuka dawa" ni klorini iliyokwisha kuungana na huo uchafu. Pima asubuhi, mchana na jioni, andika kwenye daftari. Klorini huru, yaani ambayo bado haijaungana na uchafu, isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, ikae kati ya 1 na 3. pH, kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, iwe 7.2 hadi 7.8. pH ikifika 8, unaweza kumwaga ndoo nzima na sehemu kubwa ya dawa isifanye kazi. Mnaongeza dawa, mnalaumu dawa, na bosi analaumu duka.

Dawa anachanganya nani? Kama ni hao hao waokoaji, wafundishwe leo. Unga wa klorini unatiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Asidi na klorini zisikutane ndoo moja, hata kikombe cha kuchotea kiwe tofauti, maana gesi inayotoka inaua. Niliwahi kumtoa kibarua stoo akitambaa, macho yametoka, kwa sababu mtu alisuuza ndoo "kidogo tu".

Wakili_wa_Kijiweni

Kwa upande wa ajira: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki. Mtu hafukuzwi kwa simu ya bosi, lazima asikilizwe. Akienda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, akaeleza kwamba msimamizi wake ndiye aliyemtuma stoo, utasema nini? Sheria hiyo hiyo inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Nina wasiwasi na Jumapili zenu.

Bi_Kasa

Salamu kutoka Unguja. Hilo la mtoto wa mvuvi nalo litazamwe. Sisi tumezaliwa na bahari mlangoni na watu wanazama vilevile. Kujua kuogelea si kujua kuokoa. Anayezama anamkumbatia mwokoaji shingoni, wakaenda wote. Kwanza nyoosha fimbo ndefu, ukishindwa rusha boya la kamba, kuingia majini mwenyewe ni hatua ya mwisho. Hivyo vitu vipo ukingoni au vimefungiwa stoo pamoja na soda?

Na mtu akitolewa hapumui, msimkamue tumbo, msimning'inize miguu juu. Mpeni pumzi tano mdomoni kwanza, kisha mbonyezeni kifua mara 30, pumzi 2, mwingine apige simu. Waiteni Msalaba Mwekundu wawafundishe nyote, na mpishi pia.

Msimamizi_wa_Zamu

Wakuu, nimerudi. Boya lilikuwa stoo, Bi Kasa, nyuma ya kreti kabisa. Sasa limetundikwa kwenye nguzo pamoja na namba 114 ya Zimamoto.

Bosi nimemweleza yote. Alinitazama muda mrefu, kisha akauliza mwokoaji wa tatu atalipwa na nani. Tumekubaliana wawili wa ziada, Jumapili na sikukuu tu, na mlinzi wa geti ahesabu watu, tukifika 80 anafunga. Kuhusu kufunga maji yakichafuka alikataa. Leo asubuhi nilimpeleka ukingoni nikamwambia anionyeshe chujio. Hakuliona. Bwawa limefungwa mpaka Ijumaa, Fundi_Maji nitakutafuta inboksi.

Wakili_wa_Kijiweni

Na mshahara wa siku ulizomsimamisha?

Msimamizi_wa_Zamu

Unalipwa wote. Nilimfuata kwao jana, nikamwomba radhi mbele ya mke wake. Amesema Ijumaa anarudi, ila kreti hagusi tena.