Naomba ushauri: maisha ya Simone Veil yataeneaje kwenye dakika 10?

Mgeni_Darasani: Wakuu, habari zenu. Nina zamu ya kuwasilisha kwenye kozi ya Kifaransa, mada ni Simone Veil, mwanasiasa wa Ufaransa. Nimejaza kurasa 6 na bado niko mwaka 1957, alipoanza kazi idara ya magereza. Nikate wapi?

Kalamu_Nyeusi: Kata utotoni. Alizaliwa Nice 1927 akiitwa Jacob, inatosha. Kambi za Wanazi dakika 2: alikamatwa Machi 1944 akiwa na miaka 16, akapelekwa Auschwitz, akachorwa namba 78651 mkononi. Mama yake alifia kambi nyingine, Bergen-Belsen. Kazi yake ya magereza sentensi moja: aliwahamishia Ufaransa wafungwa wanawake wa Algeria.

Dakika 4 nzima zipe sheria ya utoaji mimba aliyoipeleka bungeni akiwa Waziri wa Afya, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Sheria ya 17 Januari 1975 haikuutangaza kuwa haki. Ilisimamisha kwa miaka 5 adhabu za kifungu cha 317 cha kanuni ya adhabu, ilimradi mimba haijapita wiki 10 na anayeitoa ni daktari, hospitalini. Ilifanywa ya kudumu mwishoni mwa 1979, na sheria ya kurudishiwa gharama ikasubiri hadi Desemba 1982.

Bwana_Shamba: Usisahau kura ya Bunge: 284 kwa 189, alfajiri ya 29 Novemba 1974. Serikali ilikuwa ya mrengo wa kulia, ila wabunge wengi wa upande huohuo walimkatalia waziri wao. Wasoshalisti na wakomunisti ndio waliomvusha. Veil alikuwa hakimu, hadi hapo hakuwahi kugombea ubunge. Ndiyo maana hotuba yake imekaa kama jalada la kesi: mimba 300,000 zinatolewa kila mwaka, sheria ipo, hakuna anayeitekeleza.

Kalamu_Nyeusi: Kweli kabisa. Na angalia herufi: Simone *Weil* ni mwanafalsafa, alifariki 1943. Ukichukua picha mtandaoni bila kusoma maelezo, umeumbuka.

Mgeni_Darasani: Asanteni. Naandika "rais wa kwanza wa Bunge la Ulaya", sawa?

Bwana_Shamba: Hapana. Bunge lilikuwepo, wabunge wakiteuliwa na mabunge ya nchi zao. Yeye ni wa kwanza baada ya wananchi kupiga kura wenyewe, Juni 1979, na mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho. Sisi tungesema spika.

Mgeni_Darasani: Na nifunge na kuzikwa kwake Panthéon, walikolazwa mashujaa wa Ufaransa?

Kalamu_Nyeusi: Panthéon taja tu: 1 Julai 2018, pamoja na mumewe Antoine. Funga na upanga aliopewa alipopokelewa Académie française, taasisi ya lugha ya Kifaransa, 2010. Umechongwa 78651. Isome namba polepole, usiifafanue tena, kaa chini.