Ameifunga laptopu yangu mbele ya watu, na bado mnampigia makofi

Mwana wa Langoni (mleta uzi):

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Naandika nikiwa bado sijapoa, kwa hiyo atakayeona maneno yangu ni makali na ajue kwamba hayo ni baada ya kupunguzwa. Mhusika ni yule mtangazaji wetu wa habari za teknolojia mtandaoni, mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu hakuna mtu wa Amu (Lamu) mwenye simu ambaye hajaiona ile taa yake ya duara, na hakuna mtoto kuanzia Mkomani hadi Wiyoni asiyeweza kuigiza anavyofungua taarifa zake za teknolojia kwa sauti ya kuwaamsha waliolala Mokowe.

Leo asubuhi, kwenye mafunzo ya vijana ya kuandaa habari za mtandaoni, zamu yangu ya kuonyesha kazi ilifika. Nikaweka mezani laptopu yangu, ambayo ni ya zamani na herufi za kibodi zimefutika, lakini ndiyo hiyo hiyo, ikiwa na Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, ninayosafishia sauti za wazee wetu wanaoghani tenzi, kwa kutumia programu ya Audacity. Nilikuwa naonyesha jinsi ya kuondoa mvumo wa upepo wa kusi katika rekodi tuliyoifanyia darini: unachagua kipande kifupi ambacho mzee amenyamaza na upepo unavuma peke yake, unaiambia programu kwamba hiyo ndiyo kelele, kisha unachagua rekodi nzima nayo inapunguza kila kinachofanana na kelele hiyo, sauti ya mzee ikabaki. Vijana walikuwa wamesogea karibu. Bwana yule akauliza programu hiyo nimeinunua kwa shilingi ngapi. Nikamjibu kwa adabu kwamba haiuzwi, na kwamba yeyote pale ukumbini anaweza kuichukua kwa flashi akaondoka nayo.

Akanyoosha vidole viwili, viwili tu, akaufunga mfuniko wa laptopu yangu taratibu, mithili ya mtu anayefunika kikombe kilichoingia nzi, akasema: "Kitu cha bure ni cha mtu asiyejiweza. Hapa tunafundisha teknolojia." Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi.

Vidole viwili! Mbele ya maalim aliyenisomesha nikiwa mdogo, mbele ya vijana ninaowafundisha kila Jumamosi, na mbele ya mzee ambaye sauti yake ilikuwa bado inatoka kwenye spika wakati mfuniko unashuka! Mzee alikatwa katikati ya ubeti. Mlio wa ule mfuniko naamini ulisikika mpaka Shela.

Na huyu ndiye tunayemtegemea atuletee habari za teknolojia. Simu aliyoishika kwa mkono wa pili ni ya Android, na Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Tovuti anayowekea habari zake ni ya WordPress, programu ya kujengea tovuti ambayo tangu mwaka 2003 hutolewa kwa leseni ya GPL, leseni inayompa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuusoma msimbo wake (maandishi yanayoiunda), kuubadilisha na kumgawia mwingine. Matangazo yake ya moja kwa moja huyarusha kwa programu ya OBS, ambayo nayo haiuzwi. Ukiondoa vitu vya bure katika kazi za bwana huyu, atabaki na taa peke yake. Kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani, tangu orodha ya Novemba 2017, zote zinatumia Linux. Na aende akazifunge hizo kwa vidole viwili.

Lakini sikuja hapa kubishana. Nimekuja kuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kugusa kitu changu.

Baharia wa Mokowe:

Pole sana, kaka. Nilikuwepo, safu ya nyuma, na nathibitisha kwamba vilikuwa vidole viwili. Ila umeondoka mapema ukakosa yaliyofuata. Aliwasha mashine yake ili atuonyeshe programu ya kulipia, na programu ikataka kwanza iingie kwenye intaneti ihakikishe kwamba malipo ya mwezi yamefanyika. Mtandao wa ukumbi ulikuwa umekufa na bando lake lilikuwa limekwisha. Tulikaa tukitazama kiduara kinazunguka ukutani mpaka adhana ya adhuhuri, kisha akatuambia kwamba somo limeeleweka.

Maalim wa Malindi:

Huyo bwana alifika kwetu pia, na maneno yalikuwa hayo hayo. Niliwaambia wanafunzi wangu wamuulize kuhusu mfumo uitwao Ushahidi, nao wakamuuliza, akasema hajui ni kitu gani. Mtu anatangaza habari za teknolojia nchini Kenya na hajui Ushahidi! Mfumo huo uliundwa hapa hapa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiwa bado zinaendelea, ili wananchi watume taarifa za matukio kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti zionekane kwenye ramani. Msimbo wake ukaachwa wazi, na ndiyo maana mwaka 2010, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, watu waliweza kuutumia upesi bila kuanza kujadiliana bei. Hicho ni kitu cha bure kilichotoka kwetu kikaenda kusaidia watu wa ng'ambo. Asiyejiweza ni nani hapo?

Hii Si Kesi:

Mleta uzi, nimeusoma ujumbe wako wote na bado sijaelewa kama aliyetukanwa ni wewe au ni laptopu. Mfuniko ukifungwa, unafunguliwa. Kitendo cha sekunde moja umekiandikia waraka, na nina hakika kesho utaandika mwingine kuhusu kidole cha kwanza na keshokutwa kuhusu cha pili.

Halafu mpunguze majigambo. Mnatuambia kila siku kwamba programu huria ni salama kwa kuwa kila mtu anaweza kuusoma msimbo wake. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alishiriki kazi ya XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, alikuwa ametia humo mlango wa siri wa kuingilia seva. Kila mtu angeweza kusoma, na karibu hakuna aliyesoma. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, na alianza kushuku kwa sababu tu kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Hamkuokolewa na wingi wenu.

Mwana wa Langoni:

Ndugu, Freund aliweza kuufuata mlango huo mpaka mwisho kwa sababu programu yenyewe ilikuwa wazi mbele yake. Sasa tazama upande wa pili: Julai 19, 2024, programu ya ulinzi ya CrowdStrike, ambayo makampuni huilipia fedha nyingi, ilipelekewa sasisho bovu, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft wenyewe, zikaanguka, ndege zikabaki viwanjani na hospitali zikaahirisha kazi. Waliolipa walikaa wakisubiri kama mwingine yeyote. Kulipia si ulinzi, na bure si ufukara.

Lakini unanitoa kwenye mada. Mada ni kwamba mtu mzima aliunyoosha mkono wake juu ya meza isiyokuwa yake na kukata sauti ya mzee katikati ya ubeti.

Bi wa Shela:

Wanangu, mimi simtetei huyo mwenye taa, ila nina langu na leo nitalisema. Nyinyi watu wa programu huria nanyi mna kiburi chenu. Nilimwomba mmoja wenu anisaidie kuunganisha printa, akanijibu nikasome mwongozo, na mwongozo wenyewe wote ni wa Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, ambayo mtu angeweza kuandikia barua bila kujua neno la Kiingereza. Kazi kubwa kama ile iliwekewa msingi, na walioirithi ni nyinyi, mnaoshinda mtandaoni mkisifiana. Mozilla wanakusanya sauti za Kiswahili katika Common Voice, mtu anasoma sentensi moja moja na kujirekodi, na rekodi hizo zinapewa ulimwengu mzima bila masharti. Ni wangapi kati yenu mmesoma hata sentensi moja? Mna nafasi ya kubishania mfuniko, ila ya kukitia Kiswahili ndani ya mashine hamna.

Fundi wa Mkomani:

Bi, sema tena, wasikie. Na mimi nina deni langu na huyo mtangazaji, tena ni zito kuliko la laptopu moja. Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za mitumba zinazotufikia huku hazina. Badala ya kuwaeleza watu kwamba mashine hizo bado ni nzima na zinaweza kuwekewa mfumo mwingine, alitangaza kwamba zimekufa, wazitupe, wanunue mpya. Watu wamekopa. Mama mmoja mwenye saiba (duka la kompyuta na intaneti) alinijia na mashine zake zote kwenye mkokoteni wa punda, akitaka nimnunulie kwa bei ya chuma chakavu. Nilimkatalia, nikampakilia Debian, mfumo mwingine wa Linux, na sasa wateja wake wanachapisha nyaraka kama kawaida. Mtu mmoja mwenye taa anaweza kumfilisi mfanyabiashara kwa habari ambayo hakuisoma mpaka mwisho.

Kijana wa Matondoni:

Fundi, kazi njema, lakini kumpa mama wa saiba Debian ni kumtesa. Ungempa Ubuntu.

Fundi wa Mkomani:

Ubuntu imejengwa juu ya Debian, kijana. Ninampa mtu shina, wewe unataka nimpe tawi.

Mwana wa Langoni:

Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na ndiyo iliyokuwa ndani ya laptopu iliyofungwa. Naomba turudi huko.

Kijana wa Matondoni:

Mama wa saiba hahitaji nasaba ya mfumo, anahitaji printa ifanye kazi anapoichomeka. Muulize Bi wa Shela.

Bi wa Shela:

Mimi nisitiwe katika ugomvi huo. Nimeuliza kuhusu Kiswahili na sijajibiwa.

Mpiga Picha wa Mkunguni:

Kwa kuwa kila mtu ameleta lake, na mimi naleta. Huyo huyo mnayemsema alichukua video yangu ya mashindano ya punda wakati wa Maulidi, akaikata pembeni palipokuwa na jina langu, akabandika nembo yake, na sasa inazunguka katika kila kundi la WhatsApp la pwani hii kama mali yake. Mimi si mchoyo. Video hiyo niliiweka Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha na video, kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuitumia, hata kibiashara, kwa sharti moja tu la kumtaja aliyeitengeneza. Sharti moja! Anadharau vya bure vinapotoka kwa wengine, kisha anavikata pembeni na kuviuza kwa wadhamini wake. Hilo ni baya kuliko kufunga laptopu, kwa sababu laptopu ya mleta uzi ilibaki kuwa yake.

Baharia wa Mokowe:

Hapo ndipo penye uzito. Nakumbuka video hiyo. Niliwapelekea ndugu zangu wa Mombasa nikidhani ni ya mwenye taa.

Mwana wa Langoni:

Nakuhurumia, Mpiga Picha, lakini uzi huu niliufungua kwa jambo mahususi. Wewe ulikatwa jina usiku, hakuna aliyekuona. Mimi nilifungiwa mchana mbele ya watu, wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyejibu swali langu la ruhusa.

Mwenye Punda:

Nimeitwa humu na mwanangu nisome. Hiyo video ni ile ambayo punda wa mbele anageuka kona ya ngome huku mpandaji ameinama? Huyo punda ni wangu na mpandaji ni mtoto wa dada yangu. Mpiga picha hakuniomba, mwenye taa hakuniomba, na sasa nasikia mnagombana nani mwenye mali.

Mpiga Picha wa Mkunguni:

Baba, shikamoo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya video ni ya aliyeitengeneza, na yale yalikuwa mashindano ya hadharani. Sikumwibia mtu.

Mwenye Punda:

Marahaba. Sheria naiheshimu, lakini nyinyi mnapigania majina yenu juu ya mgongo wa mnyama ninayemlisha mimi. Kama leseni yako inadai mtu atajwe, basi na punda atajwe, na mpandaji pia.

Hii Si Kesi:

Hii sasa ni kesi.

Bi wa Shela:

Mzee amesema haki. Tena maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili.

Mpiga Picha wa Mkunguni:

Nimekubali, baba. Ukurasa wa video Commons una sehemu ya maelezo ambayo inaweza kuhaririwa wakati wowote, na kila mabadiliko yanabaki kwenye historia yake, kwa hiyo hakuna atakayeweza kuyafuta kwa siri. Nitumie jina la punda, na umuulize kijana kama yuko radhi jina lake liandikwe, nirekebishe usiku huu mtandao ukiwa na kasi.

Mwenye Punda:

Nitamuuliza baada ya Isha. Na unitumie faili lenyewe kubwa, si hili lililobanwa na WhatsApp, maana humu miguu ya punda haionekani.

Fundi wa Mkomani:

Mzee, lilete dukani na flashi, nikuwekee VLC, programu ya kuonyesha video, ulifungue bila matatizo.

Kijana wa Matondoni:

Muwekee Ubuntu kabisa.