Kupaka grisi viungo vya shokapu ya nyuma

Swali: Wakuu, pikipiki yangu ya motokrosi, ninayoiendesha mchangani hapa Bagamoyo, inalia nyuma kila ninapoikalia. Je, viungo vya shokapu, vile vyuma vinavyoiunganisha na mkono wa tairi la nyuma, hufunguliwa vyote ili vipakwe grisi?

Jibu, Tanga: Ndiyo, ndugu yangu. Inyanyue kwa stendi chini ya injini hadi tairi la nyuma lining'inie, utoe boliti, usafishe beringi kwa mafuta ya taa, zikikauka uzipake grisi isiyoondolewa na maji, ukiangalia zile sindano (vyuma vyembamba vinavyozunguka ndani ya beringi) zisidondoke, kwani mara nyingine hushikiliwa na bushi, yaani kibomba cha chuma kinachopita katikati ya beringi, na grisi tu.

Jibu: Bushi yenye kutu ibadilishwe pamoja na beringi yake. Nawe, ukiosha pikipiki, acha kuelekeza pampu ya maji ya presha kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia maji kuingia kwenye beringi!

Mwuliza: Nimefungua, boliti moja imeganda kwa chumvi.