Ukutani pana nafasi ya mchezaji mmoja tu wa Gor. Nimchore nani?

KinyoziJericho
Wana K'Ogalo, mashabiki wenzangu wa klabu ya soka ya Gor Mahia, niamulieni kesi. Nina duka la kinyozi hapa Jericho, Nairobi, na mchoraji anakuja Jumamosi. Ukuta wa mbele, ukitoa bei na vile vichwa vya mitindo, umebaki na nafasi ya sura moja. Nataka bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya kijani.

Mimi nilishaamua mshambuliaji Michael Olunga. 2015 tulichukua ligi bila kupoteza hata mechi moja, na yeye ndiye alikuwa mbele. Kisha angalia alikofika: Uswidi, China, Hispania, Japani. Akiwa Kashiwa Reysol ya Japani alifunga mabao 8 katika mechi moja iliyoisha 13-1. Manane! 2020 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya huko.

Sasa jana mzee mmoja, mteja wangu wa miaka, aliinuka kitini ndevu zimenyolewa upande mmoja, kitambaa bado kiko shingoni, akaapa kwamba nikimchora Olunga atahamia kwa jirani. Anamtaka Peter Dawo, mshambuliaji wetu wa miaka ya themanini. Dawo mwenyewe sijawahi kumwona hata kwenye video.

MzeeWaMakongeni
Kijana wangu, huyo mzee mnyoe bure. Nilikuwa Kasarani 1987, uwanja ukiwa bado mpya. Kule Tunis tulitoka 2-2 na Espérance, Dawo akiwa mmoja wa waliofunga. Marudiano hapa yakaisha 1-1, na bao letu ni la Dawo tena. Kombe la Mandela, lile la Washindi wa Makombe Afrika, tukalibeba kwa kuwa tulifunga mabao mengi zaidi ugenini. Dakika za mwisho sikutazama mpira, nilitazama saa ya jamaa wa mbele yangu, maana yangu ilikuwa imesimama. Tulirudi Makongeni kwa miguu na hakuna aliyelalamika.

Niambie klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta kombe la Afrika. Hakuna, kabla wala baada.

Olunga ni mwanetu, simchukii. Lakini alikaa Gor msimu mmoja. Huo ni uchumba, bado hujafika kwenye ndoa.

BintiWaMbotela
Shikamoo Mzee. Mbona nyinyi mnahesabu mabao tu? Lile kombe nahodha alikuwa Austin Oduor, aliyepewa jina la utani Makamu, na yeye ni beki. Bila watu wa nyuma hiyo 1-1 ingekuwa kilio.

Halafu marehemu baba angekuwepo angewanyamazisha wote kwa jina moja: Allan Thigo, kiungo wetu wa miaka ya sabini. Walimbandika jina la dakika tisini, na baba alikuwa akisema unapomtazama Thigo hujui mpira umeanza saa ngapi. Timu ya 1976 nayo haikufungwa kwenye ligi, na mwaka huohuo Maurice Ochieng, tuliyemwita Sonyi, alipiga mabao 26. Kwa hiyo KinyoziJericho, hiyo 2015 yako ilikuwa marudio.

ChuiWaKawangware
Mimi ni Ingwe, shabiki wa watani wenu AFC Leopards, nimepita tu. Mchore Joe Kadenge, mchezaji wetu wa zamani. Uwanja wa City hapo karibu nawe ulishapewa jina lake, utaokoa maneno.

MzeeWaMakongeni
Chui, toka hapa kwa amani.

Binti, marahaba. Thigo sina ubishi naye. Ila ukimchora, kila kijana atakayeketi hapo atauliza huyu ni nani, na kinyozi atajibu nini na wembe mkononi?

KinyoziJericho
Hapo kwenye uchumba Mzee umenimaliza. Nimelala nikitafuta jibu nikakosa. Yale mabao manane ni ya Reysol, si yetu, na mimi ninachora mtu wa Gor. Hoja ya kwamba vijana hawamjui Thigo siikubali lakini, maana hata Dawo mimi sikuwa namjua vizuri hadi jana. Binti, nikipata ukuta wa ndani, wa kwanza ni Thigo, naahidi.

Basi ni Dawo. Leo asubuhi yule mzee amekuja na kipande cha gazeti amekikunja mara nne, na mkunjo umepita katikati ya pua. Mchoraji anasema pua ataikisia na atanipunguzia bei. Nimekataa. Mwenye picha safi aitume kabla ya Jumamosi, na iwe ya uso mzima.