Lamu na Pate, Pemba kupitia Tanga, au Wasini tu?

Mpanda_Feri

Habari zenu, wana bahari. Agosti skuli zikifungwa, mimi na binamu yangu twataka kubeba mabegi ya mgongoni tuzunguke visiwa. Mfuko ni Sh20,000 kila mtu: nauli, kula na kulala humo humo. Ndege msinitajie. Njia nilizobakisha ni tatu: basi hadi Mokowe, tuvuke Lamu kisha Pate, au Lunga Lunga, Tanga, halafu boti ya Pemba, na Unguja tukijaliwa, au tuishie Shimoni na Wasini. Nauli nitauliza mwenyewe kwenye mabasi ya Mwembe Tayari, Mombasa. Ninachotaka kwenu ni kimoja: boti isipokuja au basi likilala njiani, ni wapi tutaumia kidogo?

BintiKisauni

Hapo umeuliza. Watu hulinganisha nauli ya kwenda, kumbe kinachomaliza pesa ni ule usiku ambao hukuupangia.

Kura yangu ni Lamu. Basi huondoka Mombasa asubuhi mapema makusudi, ili Garsen na Witu zipitwe jua lingali juu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 njia ile ina vizuizi vya polisi, na kuna nyakati magari hungojana yasindikizwe. Kwa hivyo saa ya kufika usimuahidi mtu. Kitambulisho kiweke mfukoni, si ndani ya begi lililo kwenye buti, maana mtashushwa mkaguliwe. Zuri ni kwamba lami ipo sasa. Zamani kukinyesha basi lilikuwa lazama kwenye tope mkalala papo hapo.

Mokowe hakuna ratiba ya kukosa. Boti ikijaa inang'oa nanga, nyingine inasogea, hadi jioni. Angalizo moja: wabebaji watakurukia begi kabla mguu haujagusa chini. Sema wazi "naenda na boti ya abiria", la sivyo utajikuta umekodi boti nzima. Na ukikwama Lamu umekwama mjini. Vyumba vya bei ya chini viko mitaa ya ndani, mbali na ufukwe wa mbele, na mkate wa mofa na samaki havijamshinda mtu.

Mpate_wa_Siyu

Dada amemaliza ya Lamu, Pate kairuka. Boti ya Pate inafuata maji, haifuati saa. Kati ya Manda na bara kuna Mkanda, mfereji mwembamba ndani ya mikoko. Maji yakipwa haupitiki. Na kwa vile maji husogea karibu dakika 50 kila siku, boti iliyoondoka leo asubuhi wiki ijayo yaweza kuondoka mchana. Usimuulize mtu "boti ni saa ngapi". Nenda gatini jioni ya kabla, muulize nahodha mwenyewe kesho anasubiri maji gani.

Akichelewa kidogo utaona mambo: mashini inazimwa, upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, unatolewa, vijana wanashuka kwenye matope hadi magoti wanasukuma, na juu ya magunia ya unga yuko mama mmoja anawaelekeza kuliko nahodha. Kaa katikati, ubavuni utalowa. Begi litie ndani ya mfuko wa plastiki mzito, lifunge.

Ukishuka Mtangawanda, gati ya Pate, kuna boda za kwenda Siyu na Faza. Siyu hakuna hoteli ya maana, mtalala kwa watu, kwa hivyo ulizieni mkiwa bado Lamu.

Mpemba_wa_Kwale

Mimi ni Mpemba wa huku Kenya, tuliotambuliwa rasmi kuwa kabila la Kenya 2023 baada ya kungoja miaka na miaka, kwa hivyo mniwie radhi nikivutia kwetu. Pemba ni nzuri kuliko mnavyodhani: msitu wa Ngezi, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na daladala namba 603 yakutoa Mkoani hadi Chake bila kelele.

Lakini swali lako ni la kukwama, na hapo nitasema kweli. Boti ya Tanga kwenda Pemba haiendi kila siku. Ukiikosa, unangoja siku kadhaa ndani ya gesti ya Tanga, au unapanda basi hadi Dar ukatafute boti za Unguja ambazo ni za kila siku. Huko ni kuzunguka, na Sh20,000 zenu zitaishia Dar. Piga simu ofisi ya boti kabla hamjavuka mpaka wa Horohoro, kisha piga tena asubuhi yake. Mtahitaji paspoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na tangu 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawadai wageni bima ya lazima, kwa hivyo ulizia Mkenya analipa ngapi kabla hujafunga begi.

Mzee_Kusi

Mpemba kasahau upepo. Agosti kusi bado ipo, na mkondo wa Pemba si mchezo. Meli ya Skagit ilizama 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, bahari imechafuka. Spice Islander ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba kwa sababu ya kujazwa kupita kiasi. Sisemi msiende. Nasema ukiona watu wamekaa hadi kwenye ngazi na jaketi za kuokolea hazionekani, teremka, nauli iache iende.

Mpemba_wa_Kwale

Mzee, sikusahau, nilikuwa naogopa kumtisha kijana. Ila ni kweli, Pemba kwa begi ningeipeleka mbele hadi kaskazi, Januari hivi, bahari imelala.

Mtu_wa_Vanga

Nyote mnampeleka mbali. Wasini! Vuka Likoni kwa miguu, feri ni bure, panda matatu ya njia ya Lunga Lunga, shuka njia panda ya Shimoni, boda hadi gatini. Boti ya wenyeji ikikosa leo, kesho ipo, na kwenu kuko karibu hata ukiamua kurudi. Kisiwa hakina gari. Upande mmoja kijiji cha Wasini chenyewe, upande wa pili Mkwiro, mwatembea. Mkichoka, rudini bara muingie Bodo mvuke Funzi.

BintiKisauni

Wasini ni pazuri, ila huyu kasema anataka kuzunguka visiwa. Kisiwa cha kutembea kwa miguu ukakimaliza si safari ya likizo nzima.

Mtu_wa_Vanga

Kwa hiyo akwame kwenye matope ya Mkanda ndio azunguke? Haya.

Mpanda_Feri

Nimecheka. Binamu kashasema Lamu na Pate, na Wasini tutaenda wikendi moja tukirudi. Sasa: tuanze Pate au Lamu? Na Maulidi je?

Mpate_wa_Siyu

Anzeni Pate. Laleni Lamu usiku mmoja, ulizeni maji, nendeni. Mkikwama huko siku moja au mbili bado mna nafasi ya kupumua. Mkiiweka Pate mwisho na boti ikakosa, basi lenu la kurudi linaondoka bila nyinyi.

Maulidi ya Lamu ni ya Mfunguo Sita, yaani Rabiul-Awwal. Angalieni kalenda. Yakiangukia siku zenu, watu humiminika kutoka pwani nzima, vyumba vinakwisha na bei zinapanda, kwa hivyo mchukue chumba mapema.

BintiKisauni

Na tikiti ya kurudi kateni siku moja kabla, mkiwa Lamu. Mabasi hutoka Mokowe alfajiri, kwa hivyo boti ya kuvuka ni ya gizani. Mwambieni mwenye nyumba awaamshe, na muwe na chenji ya nauli mkononi, saa hizo hakuna wa kuwavunjia elfu.